MASHINE ISIMAME KWANZA, NDIPO TUZUNGUMZE



Watu watatu wa zamu ya usiku, katika kiwanda kimoja cha mabati hapa Nairobi, wamepewa barua. Jina la kiwanda hatulitaji kwa sasa, maana shauri lao litasikizwa Jumanne ijayo, na hatutaki mtu aseme kwamba chama kimeliharibu kwa maneno ya gazeti. Lakini habari yenyewe twaijua, na kila mmoja wenu afanyaye kazi penye mashine ataitambua mara moja.

Presi ya kupiga mabati ina kinga yake. Ni wavu wa chuma unaoshuka mbele ya mikono ya mtu kabla ya nyundo kupiga, na wavu usiposhuka nyundo haipigi. Bawaba ya wavu huo ilivunjika. Fundi akauondoa, akafunga waya mahali pake ili mashine ipate kupiga bila kungojea kitu, na mnyapara akasema kazi iendelee mpaka spea ije. Spea haikuja juma la kwanza, wala la pili. Juma la tatu ndugu hao watatu walimwambia mnyapara mbele ya watu kwamba hawatatia mikono chini ya nyundo ile mpaka kinga irudishwe, na kwamba wako tayari kufanya kazi nyingine yoyote watakayopewa usiku huo. Hawakuondoka kiwandani, wala hawakumtukana mtu. Walisimama kando ya mashine mpaka alfajiri, na asubuhi wakapewa barua za kutakiwa waeleze kwa nini wasifukuzwe kwa kosa la kukaidi amri halali.

Barua hizo tunazo hapa afisini. Zimeandikwa kwa Kiingereza safi. Zataja idadi ya mabati yaliyokosa kupigwa usiku ule, zataja saa zilizopotea, zataja kifungu cha sheria. Kinga haikutajwa hata mara moja.

Mjumbe wetu alipokwenda kuuliza, aliambiwa na meneja maneno mawili. La kwanza ni kwamba kuna utaratibu wa kuleta malalamiko, na hao watatu hawakuufuata. La pili, alilolisema huku akimsindikiza mjumbe mlangoni, ni kwamba hata hivyo ajali haina kinga. Twamjibu kwamba huenda ajali haina kinga, lakini presi yake ilikuwa nayo, na ni afisi yake iliyoruhusu iondolewe.

Tulitazame neno la kwanza, kwa maana ndilo litakalosemwa Jumanne.

Amri halali ni ipi? Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu tajiri kumwachisha kazi papo hapo mtu aliyekataa amri iliyo halali na ya haki. Waajiri wengi husoma kifungu hicho na kufunga kitabu. Lakini mwaka huo huo wa 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na katika kifungu chake cha 14 imeandikwa kwamba mfanyi kazi aonaye, kwa sababu za maana, kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, ni wajibu wake kumwarifu msimamizi wake. Na kwamba mwenye kiwanda hana ruhusa ya kumtaka arudi mahali hapo maadamu hatari ingalipo. Kifungu hicho hicho chamkinga asifukuzwe kwa ajili ya kuondoka penye hatari kama hiyo. Basi hao watatu walifanya lile ambalo sheria iliwaamuru, na amri ya mnyapara ndiyo iliyokuwa kinyume cha sheria. Tena Sheria ya Ajira yenyewe, katika kifungu cha 46, yasema kwamba kumshitaki tajiri wako au kuleta malalamiko juu yake hakuwi sababu ya haki ya kukuachisha kazi, isipokuwa malalamiko yawe ya upuzi yasiyo na msingi. Waya uliofungwa mahali pa wavu si upuzi. Kila mtu wa zamu ile ameuona.

Sasa huo utaratibu. Ndugu, chama hiki hakichukii utaratibu. Vyama vya wafanyi kazi wa Kenya viliupigania. Mapatano ya Mahusiano ya Kazi ya Oktoba 1962, yaliyotiwa sahihi na Serikali, waajiri na vyama vyetu wakati Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi, ndiyo yaliyoweka ngazi tunayoipanda hata leo: kwanza mzungumze kiwandani, kisha mpatanishi, kisha Korti ya Kazi, na mgomo uwe wa mwisho kabisa. Ngazi hiyo imetuletea mishahara, likizo na malipo ya uzeeni. (Inafaa vijana wakumbuke pia kwamba Mboya huyo, kabla hajawa mtu mkubwa, alikuwa mkaguzi wa afya katika baraza la mji wa Nairobi. Uongozi wake wa wafanyi kazi ulianzia katika kazi hiyo, naye alijua mfereji mchafu ni nini.)

Lakini ngazi ilitengenezwa kwa ajili ya shilingi. Shilingi usiyolipwa Januari waweza kulipwa Machi, pamoja na malimbikizo yake, na ukainunulia unga ule ule. Kidole kilichokatwa Januari hakina malimbikizo. Mgogoro wa mshahara ukikaa, hasara yake huhesabika na hulipika. Mgogoro wa hatari ukikaa, mashine yaendelea kuukata shauri peke yake.

Tuhesabu. Mambo yakishindikana kiwandani, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yatutaka tupeleke habari kwa Waziri, naye ana siku 21 za kumteua mpatanishi. Mpatanishi ana siku 30 za kujaribu kupatanisha. Akishindwa, chama hutoa ilani ya siku 7 kabla ya kugoma. Jumla ni siku 58, na hapo twasema kila mtu ametimiza siku zake bila kuchelewa, jambo ambalo wazee wa chama watacheka wakilisoma. Presi ile, ikienda pole pole, hupiga mara 12 kwa dakika. Zamu moja ya saa 8 ni mara 5,760. Katika siku 58, ukitoa Jumapili, zipo kama siku 50 za kazi. Maana yake ni kwamba mtu mmoja wa zamu moja, akifuata utaratibu kwa adabu kama meneja anavyotaka, atakuwa ametia mikono yake chini ya nyundo isiyo na kinga mara 288,000 kabla ya ngazi kufika juu.

Wala msidhani sheria haijui maana ya haraka. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo kimeweka njia ya mkato ya chama kwenda kortini kwa dharura. Kimetaja mambo matatu: kutambuliwa kwa chama, kupunguzwa kwa wafanyi kazi, na migogoro katika kazi za huduma muhimu. Hatari ya mwili haimo. Chama kisipotambuliwa, hiyo ni dharura. Nyundo isiyo na wavu, hiyo ingoje mpatanishi. Mawakili watatuambia kwamba zipo njia nyingine za kuomba amri ya haraka kortini, kwa kutumia Katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 41 kinampa kila mfanyi kazi haki ya kufanya kazi katika hali inayofaa. Ni kweli. Lakini njia hiyo yataka wakili, na wakili ataka fedha, na kibarua wa usiku hana hata nauli ya kufika Milimani. Twataka jambo la nne liandikwe katika kifungu cha 74, na twataka viongozi wetu wa juu walipeleke Bungeni. Tangu Juni 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa limehesabu usalama na afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za kazi, pamoja na uhuru wa kuunda chama na kukomeshwa kwa kazi ya kulazimishwa. Serikali yetu ni mwanachama wa Shirika hilo. Haifai haki ya msingi ikawa nyuma ya foleni.

Watu wengine husema: lakini ipo halmashauri ya usalama, kwa nini haikuulizwa? Swali zuri. Sheria yasema kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na halmashauri ya usalama na afya, na Kanuni za 2004 zasema wajumbe wa upande wa meneja na wa upande wa wafanyi kazi wawe sawa kwa hesabu, na wakutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Katika kiwanda hiki halmashauri ipo, imetundikwa ukutani kwa picha na majina, karibu na saa ya kupigia kadi. Wa upande wetu walichaguliwa na nani? Mmoja ni karani wa afisi ya meneja. Mwingine ni mnyapara, yule yule aliyesema kazi iendelee. Wa tatu alikwisha kuacha kazi na picha yake ingali ukutani ikitulinda. Wanapokutana, wanakunywa chai, wanaandika kwamba vizima-moto vimejazwa, na karatasi yaenda katika faili. Hatusemi halmashauri zote ziko hivyo. Yako makampuni ambayo mjumbe wa wafanyi kazi akisema mashine isimame, yasimama, na meneja hushukuru. Lakini halmashauri ambayo wafanyi kazi hawakuichagua ni ya meneja, hata ikiwa na picha kumi.

Na sasa tuseme jambo litakalowaudhi wengine walio karibu nasi. Wako viongozi wa wafanyi kazi ambao, wakiletewa habari ya vumbi au ya dawa kali, hukimbilia kudai marupurupu ya hatari. Mkataba unatiwa sahihi, shilingi kadhaa zaongezwa kwa mwezi, watu wapiga makofi, na vumbi labaki pale pale. Mahali pengine hata shilingi hakuna, ni pakiti ya maziwa kila asubuhi. Maziwa ni chakula kizuri, nasi hatutaki mtu anyang'anywe. Lakini vumbi huenda mapafuni na maziwa huenda tumboni, na tangu Mungu aumbe mtu njia hizo mbili ni mbali mbali. Aliyekunywa maziwa miaka ishirini katika vumbi la pamba au la simiti anakohoa sawasawa na asiyekunywa. Tajiri akilipa marupurupu ya hatari amekwisha kukiri kwamba hatari ipo, basi aiondoe. Na kiongozi anayepokea fedha hizo mahali pa kinga anauza kitu kisicho chake. Mshahara wa wanachama waweza kuupatanisha, kwa maana wamekutuma. Pafu la mtu hakukutuma uliuze.

Kinga zenyewe, yaani glavu, gambuti, overoli, miwani na vitambaa vya pua, sheria yasema mwenye kazi atoe bila kumtoza mfanyi kazi kitu. Mkikatwa mshahara kwa ajili ya glavu, leteni karatasi ya mshahara hapa afisini. Hilo halihitaji mjadala.

Iko habari ya vibarua, na hapo pana uchungu zaidi. Wale watatu ni watu wa kudumu, wana chama, na barua zao zimefika mezani kwetu. Katika presi ya pili ya kiwanda kile wako vijana wanaoletwa na kampuni ya kukodisha watu. Kijana wa namna hiyo akisema mashine ni mbovu, hapewi barua. Kesho yake anaambiwa langoni kwamba leo watu wametosha. Usiku ule watatu waliposimama, ndiye aliyeitwa kuchukua mahali pao, naye akaenda, kwa maana alfajiri hiyo alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Tusimlaumu. Sheria ya 2007 yamlinda kila aliyemo mahali pa kazi, wa kudumu na wa siku moja, lakini ulinzi wa karatasi hauna mikono. Kila mara mtu wetu akikataa hatari, neno letu la pili kwa meneja liwe hili: na mtu mwingine asiwekwe pale.

Hatari isipomalizwa kabla, hugeuka kuwa mambo ya fidia, na huko ndiko wanakotungojea. Sheria ya Fidia za Ajali Kazini, ya 2007 vile vile, yasema mtu aliyeumia asiende kortini kudai. Aende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, naye ndiye atakayepima. Mawakili waliipinga, korti kuu ikafuta baadhi ya vifungu 2009, korti ya rufani ikavirudisha 2017, na Desemba 2019 Korti Kuu Kabisa ikamaliza maneno: njia ni ya Mkurugenzi. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na kipimo chake ni mishahara ya miezi 96. Usiporidhika una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, naye ana siku 14 za kujibu, nawe tena una siku 30 za kukata rufani katika Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ngazi nyingine, na safari hii unaipanda kwa mkono mmoja.

Wachumaji chai wa Kericho zaidi ya 1,000 waliona ngazi hiyo wakajaribu kuizunguka. Walipeleka madai yao Scotland, ambako kampuni waliyoifanyia kazi imeandikishwa, wakisema migongo yao imeharibika kwa kubeba vikapu vizito vya majani mwaka baada ya mwaka. Novemba 2023 majaji wa rufani huko Edinburgh waliisimamisha kesi hiyo, wakasema madai yapitie kwanza katika sheria yetu ya fidia hapa Kenya. Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Mgongo hauharibiki siku moja kama kidole. Ulikuwako wakati, mwaka wa kwanza au wa pili, ambapo mzigo ungeweza kupunguzwa na kikapu kubadilishwa, na jambo lingekwisha kwa mazungumzo ya nusu saa shambani. Halikwisha pale, likapanda ndege.

Meneja atauliza: je, kila mvivu akisema pana hatari, kiwanda kifungwe? Sheria haikusema kila mvivu. Imesema sababu za maana. Nasi hatuogopi kupimwa. Twataka maneno haya yaingizwe katika mkataba wa pamoja utakaozungumzwa mwaka huu, na kila tawi liyajadili: mtu akisema pana hatari kubwa, mashine hiyo moja isimame, na anayeiendesha apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule, mjumbe wa usalama aliyechaguliwa na wafanyi kazi aitwe pamoja na msimamizi, waitazame kabla ya saa moja kupita, wakikubaliana, kazi iendelee au mashine itengenezwe, wasipokubaliana, afisa wa Serikali wa usalama na afya kazini aitwe siku hiyo hiyo, na mashine ingoje uamuzi wake. Afisa huyo anayo ruhusa ya kuingia kiwandani mchana na usiku, na anayo nguvu ya kutoa ilani ya kukataza mashine isitumike. Akija akasema hakuna hatari, mtu wetu atarudi kazini bila kinyongo, na kiwanda kitakuwa kimepoteza saa chache za presi moja. Hasara ya upande wa pili mnaijua.

Maafisa hao ni wachache na viwanda ni vingi, hilo twalijua. Ndiyo sababu twasema mashine ndiyo ingoje. Siku ambazo tajiri atakuwa akingojea afisa huku presi yake imelala, ataanza yeye mwenyewe kuiandikia Serikali iajiri maafisa zaidi, na barua yake itasomwa upesi kuliko zetu.

Sasa habari za Jumanne. Shauri litaanza saa 3 asubuhi katika afisi ya meneja. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chawapa ndugu zetu haki ya kuwa na mfanyi kazi mwenzao au mjumbe wa chama wakati wa kusikizwa, na wote watatu wamemchagua mjumbe wa tawi. Wasitie sahihi karatasi yoyote kabla hajafika. Wanachama wa zamu ya mchana wafanye kazi kama kawaida wala wasikusanyike langoni, kusudi asipatikane mtu wa kusema tuligoma. Waliokuwapo usiku ule na walio tayari kueleza waliyoyaona wapeleke majina kwa mjumbe kabla ya Jumatatu jioni. Barua yetu kwa afisa wa usalama na afya imepelekwa kwa mkono, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa tunayo.

Mpaka tunapoandika haya, wavu haujarudishwa. Mjumbe wetu ataomba kwamba, kabla ya neno lolote kusemwa, ule waya ufunguliwe na uletwe mezani.

Halmashauri ya Tawi